Kusomea ubingwa bobezi wa tumbo, ini na lishe ya watoto: anza kuhesabu kutoka siku ya mwisho

Daktari wa watoto anayekuja kuniuliza namna ya kupata nafasi ya ubingwa bobezi wa mfumo wa chakula huwa tayari ana orodha ya vyuo mkononi. Humwomba aiweke pembeni kwanza, ajibu swali moja: Jumatatu ya kwanza baada ya kuhitimu, ukiwa huna mkubwa wa kumwita, ni mtoto gani atakuwa mbele yako na utamfanyia nini? Anayesema "nitampiga kamera," yaani kumpitishia mrija wenye kamera kwenye njia ya chakula, bado hajajibu. Anayesema "kichanga wa wiki sita mwenye macho ya manjano na choo cheupe, najua vipimo vya kuagiza leo hii na mpasuaji wa kumpelekea," huyo tunakaa naye tukaipitia orodha yake.

Hatua ya 1: Jua unachokwenda kusomea

Mitaani tunaitwa madaktari wa tumbo la watoto, lakini fani yenyewe ina vyumba vitatu: mfumo wa chakula, ini na lishe. Vyama vyake viwili vikubwa, NASPGHAN cha Amerika Kaskazini na ESPGHAN cha Ulaya, vimebeba yote matatu katika majina yao. ESPGHAN ilipoanzishwa Paris mwaka 1968 ilikuwa ya tumbo tu. Ini na lishe viliongezwa baadaye. Ni jambo la kukumbuka, kwa sababu waombaji wengi bado wamesimama mwaka 1968: wanalitaka tumbo, ini wanaliogopa, na lishe wanaona ni kazi ya mtu mwingine.

Kazi ya kila siku ni kliniki zaidi kuliko chumba cha kamera. Utaona watoto wanaokosa choo, wanaoumwa tumbo bila sababu inayoonekana kwenye kipimo, vichanga wanaocheua, watoto wasioongezeka uzito, wanaoharisha kwa wiki nyingi. Katikati ya hao wamo wachache wenye ugonjwa wa Crohn (uvimbe sugu wa utumbo), siliaki (kinga ya mwili kuuharibu utumbo kwa sababu ya gluteni ya ngano), ini linalonyauka au utumbo uliokatwa ukabaki mfupi. Ustadi ni kuwatambua hao wachache bila kuwachokoa hao wengi.

Mfano mzuri ni siliaki. Zamani hukuweza kuithibitisha bila kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha utumbo cha kupima. Mwongozo wa ESPGHAN wa mwaka 2020 unaruhusu kuacha kamera kabisa iwapo kingamwili za siliaki ziitwazo tTG-IgA zimepanda mara 10 au zaidi ya kiwango cha juu cha kawaida, na damu nyingine iliyochukuliwa siku tofauti ikaonyesha kingamwili zake nyingine, EMA. Ukiingia mafunzoni kwa kupenda kamera peke yake, jiulize utajisikiaje siku ambayo uamuzi sahihi utakuwa ni kuirudisha kabatini.

Hatua ya 2: Chagua njia kwa kuangalia cheti kitatumika wapi

Hapa ndipo watu hupoteza miaka. Nchi hazifanani, na jina "feloshipu" hubeba mambo tofauti kabisa.

Marekani, utaratibu ni miaka 3 ya magonjwa ya watoto kwa ujumla, kisha miaka 3 ya ubingwa bobezi. Maombi hupitia mfumo wa ERAS, na nafasi hugawiwa na NRMP: wewe unapanga programu kwa kadiri unavyozipenda, zenyewe zinawapanga waombaji, kompyuta inaoanisha. Matokeo hutoka kuelekea mwisho wa mwaka, na mafunzo huanza Julai inayofuata. Tatizo linampata bingwa wa watoto aliyesomea nchi nyingine. Baadhi ya programu zinaweza kumpokea, lakini kwa kawaida mtihani wa American Board of Pediatrics, bodi inayothibitisha mabingwa wa watoto, unadai pia mafunzo ya awali ya watoto yanayotambuliwa huko. Kwa hiyo wengi hulazimika kurudia miaka ile mitatu ya mwanzo. Wapo wanaoona inafaa, na wapo waliogundua wakiwa wamechelewa.

Uingereza, mafunzo kamili husimamiwa na Royal College of Paediatrics and Child Health, na nafasi za fani hii hugombewa kitaifa. Kwa daktari wa nje ipo njia fupi, Medical Training Initiative, inayotoa hadi miezi 24 ya kazi yenye malipo na mafunzo. Unarudi na ujuzi. Cheti cha kuhitimu ubingwa cha Uingereza hupati, na usimsikilize anayekuambia utapata.

Afrika Kusini, Colleges of Medicine of South Africa hutahini na kutoa cheti cha fani hii kwa upande wa watoto. Kwa madaktari wa nchi nyingine za Afrika kuna African Paediatric Fellowship Programme chini ya Chuo Kikuu cha Cape Town, ambayo hospitali yake kubwa ya kufundishia ni Red Cross War Memorial Children's Hospital. Ubora wa mpango huo, kwa maoni yangu, uko kwenye sharti lake: taasisi yako ndiyo inayokuteua na kuahidi kukupokea ukirudi. Mazungumzo ya vifaa na cheo yanafanyika kabla hujaondoka, si baada.

Popote unapoelekea, kabla ya kulipa ada hata moja liandikie baraza la madaktari la nchi utakakofanya kazi, uulize kwa maandishi: mafunzo haya, katika hospitali hii, kwa muda huu, mtayatambua kama ubingwa bobezi? Jibu la simu halihesabiki. Na chunguza kama nafasi uliyopewa ni ya kufanya kazi au ya utazamaji. Mtazamaji husimama nyuma ya kiti miezi sita, akarudi nyumbani na picha za ukumbusho.

Hatua ya 3: Jiandae mwaka mzima kabla ya kuomba

Barua za mapendekezo ndizo zinazobeba uzito kuliko alama. Barua inayosema "ni mchapakazi na ana nidhamu" haimsaidii mtu. Inayofaa ni ya bingwa aliyekuona ukishughulikia mgonjwa mgumu na anaweza kusimulia ulichofanya. Basi omba kukaa naye kliniki mapema, hata kama ni nusu siku kwa wiki, na usisubiri wiki ya mwisho ndipo umkimbilie na fomu.

Kuhusu utafiti, kazi ndogo iliyokamilika hupendeza kuliko mradi mkubwa uliokwama. Ripoti ya mgonjwa mmoja, au ukaguzi wa mafaili ya wadi yako, inatosha kuonyesha kwamba unaweza kuanza jambo na kulimaliza.

Barua ya kujieleza iwe fupi. Tafadhali usianze na mtoto aliyekufa mikononi mwako mpaka uwe una jambo la kusema juu yake zaidi ya machozi. Wasailiwa hawajui ni barua ngapi za namna hiyo hufika mezani kwa mwaka.

Hatua ya 4: Ihoji programu kabla haijakuhoji

Tovuti za programu zote zinafanana: picha ya jengo, picha ya timu ikicheka. Unachotaka kujua hakimo humo. Tafuta wanafunzi waliopo sasa, zungumza nao mbali na wakubwa wao, na uulize haya.

Nani hushika kamera? Kama idara ina wanafunzi wanne, bingwa mpya anayejenga jina, na wapasuaji wa watoto wanaopiga kamera zao wenyewe, basi idadi ya vipimo inayotajwa kwa mwaka inagawanywa kwa watu wengi, na fungu lako ni dogo kuliko linavyosikika.

Ini likoje hapa? Kuna hospitali zinazopandikiza, na kuna zinazosafirisha watoto wao kwenda kupandikizwa kwingine. Zote zinaweza kukufundisha, ila katika aina ya pili hakikisha umeandikiwa miezi ya kwenda kituo cha upandikizaji. Hata kama nchi yako haipandikizi, watoto waliopandikizwa kwingine watarudi kwako na dawa zao za kushusha kinga, na homa ya mmoja wao saa nane usiku itakuwa yako.

Lishe ya mshipani inasimamiwa na nani? Jibu zuri ni timu: daktari, mtaalamu wa lishe, mfamasia, muuguzi anayejua kutunza mrija. Ukisikia "kila wadi inajipangia," ujue somo hilo hutalipata hapo, na ni somo linaloua watoto likikosewa. Mrija ukiingia vijidudu, au ini likiharibika kwa lishe iliyopangwa ovyo, utumbo mfupi wenyewe huwa ndiyo shida ndogo.

Waliohitimu miaka mitano iliyopita wako wapi? Usiridhike na majina ya hospitali. Uliza wanafanya nini.

Halafu swali ninalolipenda kuliko yote: "Mara ya mwisho ulipokosea, nini kilifuata?" Mwanafunzi akisimulia kikao, mjadala, na utaratibu uliobadilishwa, hapo pazuri. Akitazama mlango kwanza kabla ya kujibu, umeshajibiwa.

Usaili wenyewe sina mengi ya kusema juu yake. Soma walichochapisha watu wawili watakaokuhoji, ujue kila mstari wa wasifu wako, na ukiulizwa kwa nini fani hii, rudi kwenye Jumatatu yako ya kwanza.

Hatua ya 5: Mwaka wa kwanza, jifunze yasiyosubiri

Mwaka wa kwanza kwa kawaida ni wa wagonjwa: wadi, kliniki, zamu za usiku. Utachoka. Katika uchovu huo simu itaita, na mtu upande wa pili atakueleza habari kwa mpangilio mbaya. Kazi yako ni kuchomoa neno moja linalobadilisha kila kitu.

Neno "kijani" ni mojawapo. Kichanga anayetapika nyongo ya kijani ana utumbo uliojisokota mpaka ithibitike vinginevyo, na aliye mbele kwenye safari hiyo ni mpasuaji, si wewe. Usimcheleweshe kwa vipimo vyako.

Neno "betri" ni jingine. Betri ya kitufe iliyokwama kwenye umio huanza kuunguza ndani ya saa 2, kwa hiyo haingoji asubuhi wala mtoto kukaa njaa kwa saa sita. Kwa mtoto aliyezidi mwaka mmoja, kama imemezwa ndani ya saa 12, asali ya mililita 10 kila dakika 10 hupunguza kuungua wakati anasafirishwa, mradi isiwe sababu ya kuchelewa. Sumaku nazo: moja hupita, mbili hushikana kuta za utumbo zikiwa katikati na kutoboa.

Kichanga bado wa manjano baada ya siku 14? Usiulize rangi ya ngozi, uliza rangi ya choo, na utake kipimo cha bilirubini, ile kemikali ya manjano ya damu: jumla pamoja na ile ya moja kwa moja. Kuziba kwa njia za nyongo hutibiwa kwa upasuaji ambao Mjapani Morio Kasai aliueleza mwaka 1959, na matokeo yake ni bora zaidi ukifanyika kabla ya siku 60 za maisha. Siku hizo zinahesabiwa tangu kuzaliwa, wala haziangalii kama barua ya rufaa iliandikwa vizuri. Taiwan iliwapa wazazi kadi yenye rangi za choo walinganishe wenyewe nyumbani, na tangu mwaka 2004 ikaisambaza nchi nzima. Ninaposema fani hii ni ya macho kuliko mashine, kadi ile ndiyo ninayoiwaza.

Na utapiamlo mkali: mtoto aliyekonda sana akilishwa kwa pupa, fosfati, potasiamu na magnesiamu hushuka ghafla, moyo ukasimama. Hii si habari ya mtaalamu wa lishe peke yake. Jifunze kupanga mwanzo wa polepole kwa mkono wako, kwa kilo za mtoto, bila kikokotoo cha simu, angalau mara ishirini.

Hatua ya 6: Kamera

Usihesabu tu. NASPGHAN katika mwongozo wake wa mafunzo wa mwaka 2013, na ESPGHAN katika silabasi yake ya mwaka uliofuata, zinaeleza ujuzi unaotarajiwa, na programu nyingi huweka idadi ya chini ya vipimo. Lakini mtu anaweza kufikisha idadi akiwa na mkono mbaya. Ndiyo maana vikabuniwa vyombo vya kupima ustadi wenyewe, kama GiECATKIDS ya kolonoskopi (kamera ya utumbo mpana) ya watoto, ambapo anayekusimamia hutoa alama kwa kila kipengele, tangu maandalizi mpaka mazungumzo baada ya kipimo. Omba upimwe hivyo kila baada ya miezi michache, hata kama programu yako hailazimishi.

Jambo moja ambalo vitabu hulipita haraka. Mtoto kwa kawaida hupimwa akiwa amelazwa usingizi mzito. Mtu mzima aliyepewa dawa ya kumtuliza tu atakunja uso utumbo ukivutwa, ukajua umetengeneza kitanzi. Mtoto aliyelala hatasema chochote. Kengele yako pekee ni mkono: ukisukuma na picha haisogei, au inarudi nyuma, acha kusukuma. Vuta, nyoosha, anza tena. Waliotoboa utumbo wengi wao walikuwa na haraka ya kufika.

Na ufike kweli. Kolonoskopi ya mtoto anayeshukiwa kuwa na Crohn haijakamilika mpaka uingie mwisho wa utumbo mwembamba na kuchukua vinyama, kwa sababu ugonjwa huo unapenda kujificha hapo. Kisha shuka maabara ukaviangalie vinyama vyako chini ya darubini pamoja na daktari wa patholojia. Nusu saa hiyo kwa wiki ilinifundisha mahali pa kuchukua kinyama kuliko msimamizi yeyote.

Katika daftari lako la vipimo andika umri, uzito, sababu, ulipofika, matatizo, majibu ya patholojia, na pia safu moja ambayo wengi huiacha: kama msimamizi alikupokonya kamera, ilikuwa wapi na kwa nini. Baada ya miezi sita safu hiyo itakuonyesha udhaifu wako bila upendeleo.

Burudisho kidogo kwa wanaodhani upande wa watoto hupokea makombo ya watu wazima: mrija wa kulishia unaowekwa tumboni kwa msaada wa kamera, unaotumika leo kwa wazee duniani kote, uliwekwa mara ya kwanza Cleveland mwaka 1979 na Michael Gauderer na Jeffrey Ponsky. Mgonjwa alikuwa mtoto mchanga.

Hatua ya 7: Utafiti unaotoshea muda ulionao

Katika mfumo wa Marekani sehemu kubwa ya mwaka wa pili na wa tatu huenda kwenye kazi ya kitaaluma, ikisimamiwa na kamati ya watu wasiopungua watatu, mmoja wao akitoka nje ya fani. Kwingine unapewa miezi michache, au unaambiwa utafute muda mwenyewe. Vyovyote iwavyo, kibali cha kamati ya maadili huchukua muda kuliko unavyofikiri, kwa hiyo swali lako liwe limeandikwa kabla mwaka wa kwanza haujaisha.

Chagua swali ambalo jibu lake utalitumia. Tangu mzazi alipoona choo cheupe hadi mtoto alipofika kwa mpasuaji zilipita siku ngapi, na zilikwama wapi? Hilo unaweza kulifanya kwa mafaili na simu, na likimalizika unajua wapi pa kubandika karatasi ukutani. Mimi nilianza na mradi wa jeni ambao sikuwa na maabara yake. Mwaka mzima ulikwenda.

Hatua ya 8: Jifunze kueleza

Hakuna mtihani wa hili, na ndilo litakalojaza kliniki yako au kuimwaga. Mtoto wa miaka sita huletwa kwa kuharisha na kuchafua nguo; ukimgusa tumbo, utumbo umejaa choo kigumu. Unaandika dawa ya kulainisha, mama anashangaa.

"Daktari, anaharisha kila siku, nawe unampa dawa ya kuharisha?"

"Mama, kinachotoka ni maji yanayopenya pembeni ya choo kilichokauka ndani. Njia imeziba. Tukiisafisha, na kuchafua kutakwisha. Wala hafanyi makusudi. Utumbo umetanuka mpaka hausikii tena."

Kisha unachora. Chora kila mara, hata kama huna kipaji. Usipoeleza hivyo, dawa itaachwa siku ya tatu. Kwa kijana wa Crohn anayetakiwa kuacha chakula chote na kuishi kwa maziwa maalumu ya lishe wiki 6 hadi 8, maelezo ni nusu ya tiba, na yeye ndiye wa kuelezwa, si mzazi wake peke yake. Kaa chini wakati mtaalamu wa lishe na muuguzi wanapozungumza na familia. Wana maneno ambayo sisi hatukufundishwa.

Hatua ya 9: Miezi sita ya mwisho

Mwombe msimamizi akae pembeni mikono mifukoni: wewe uongoze raundi, wewe uamue nani apigwe kamera na nani asipigwe, yeye aingilie kwa hatari tu. Mwisho wa siku akuambie alitaka kuingilia mara ngapi. Inauma, lakini ndiyo Jumatatu yako ikifanyiwa mazoezi.

Wakati huohuo andika orodha ya vifaa utakavyohitaji, ukianza na vya dharura: koleo na nyavu za kutolea vitu vilivyomezwa, mipira ya kufungia mishipa inayovuja damu kwenye umio, kamera yenye wembamba wa kumfaa mtoto mchanga. Uliza nani atazisafisha na kwa utaratibu gani. Kamera bila msafishaji aliyefunzwa ni hatari kuliko kutokuwa na kamera. Kubaliana na mabingwa wawili au watatu kwamba utawapigia simu mwaka wa kwanza, na ukubaliane nao ana kwa ana, kabla hawajakusahau.

Siku ya kurudisha kitambulisho, usitoke mlangoni bila nakala ya daftari lako la vipimo iliyosainiwa kila ukurasa na kupigwa muhuri wa idara, pamoja na barua ya mkuu wa programu inayotaja tarehe za kuanza na kumaliza. Wakuu hustaafu, makatibu huhama, na baraza litakalokuomba karatasi hizo baada ya miaka miwili halitaki kusikia hadithi.